Kuelea na Kuelewa

Ndugu wapenzi wa lugha, leo sikuleta shairi bali kitenzi. Nimekaa nacho kwa miaka mingi, kuanzia nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu hadi sasa nilipostaafu, na bado hakijaniishia utamu. Kitenzi chenyewe ni kuelea.

Aisomaye Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version, ile ya mwaka 1952, atakikumbuka kisa kilichomo katika sura ya 8 ya Matendo ya Mitume. Mtu mkubwa wa serikali, mtunza hazina wa malkia wa Waethiopia, anarudi kwao kutoka Yerusalemu. Ameketi garini, ana kitabu cha nabii Isaya mkononi, anasoma kwa sauti kama ilivyokuwa desturi ya watu wa kale. Filipo anakimbia kando ya gari, anayasikia maneno, naye anamwuliza swali. Wafasiri wetu wangeweza kuandika kwamba aliuliza kama yule bwana anafahamu. Hawakuandika hivyo. Waliuliza kama maneno yale yamemwelea.

Tazameni ni nani mtenda katika sentensi hiyo. Mtenda ni maneno, na mtu ni mahali tu yanapoibukia. Halafu chukueni kitenzi tunachokitumia kila siku, kuelewa, mkirudishe kwa wazazi wake: ni kauli ya kutendwa ya kuelea. Jambo limenielea, nami nimeelewa. Darasani nilizoea kuwaambia wanafunzi kwamba kila asemapo "nimeelewa" mtu hukiri, pasipo kujua, kwamba yeye hakufanya kitu, alifanyiwa. Wapo watakaosema kwamba kuelea kwa chombo na kuelea kwa maana ni maneno mawili yaliyokutana umbo tu. Sitagombana nao. Ila watu wa pwani wana kuelea kwa tatu, kule kwa moyo, mtu anapohisi kichefuchefu, na mimi nauona ukoo mmoja katika yote matatu: kitu kilichokuwa chini kinapanda juu, na anayepandishiwa hana amri.

Nilijifunza sarufi hii chuoni, lakini maana yake niliisomea Feri.

Kwa msomaji wa mbali: Feri ni pale Magogoni, mlangoni mwa bandari ya Dar es Salaam, pantoni zinapovusha watu kwenda Kigamboni, na lilipo soko kubwa la samaki. Ikulu iko hatua chache kutoka hapo, na ukifuata barabara ya ufukweni unakutana na makanisa mawili ya enzi ya Wajerumani, la Kilutheri la Azania Front na la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu. Mimi ni Mlutheri, na kwa miaka mingi nimetoka ibadani Jumapili nikaenda moja kwa moja kutafuta changu au kolekole wa mchana. Harufu ya soko hilo haiwapendezi wote. Mimi imenizoea.

Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, bahari hapo hushuka mita 3 na zaidi, na vyombo vilivyoachwa karibu na ufuko hulala ubavu juu ya mchanga na tope. Siku moja nilimwona kijana, bila shaka mgeni wa kazi hiyo, akihimiza wenzake waisukume mashua iliyokwama. Walikuwa watu sita. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu hakuinua hata kichwa. Alisema tu, "Haijaelea hiyo." Kijana akajibu kwamba wakiongezeka wawili itatoka. Mzee akasema, "Waongeze kumi, mtaivunja mkuku." Kisha akaendelea na wavu wake. Hakukaa bure, angalieni hilo, alikuwa anashona. Maji yalipojaa, baada ya saa nyingi, mashua ilinyanyuka yenyewe na mtu mmoja akaisogeza kwa upondo.

Jioni ile niliandika ubeti huu, nao ni huo peke yake, sikupata wa pili:

Chombo hakiendi tena, kama hakijaelea,
Watu wakisukumana, tope linawazoea,
Maji yakijaa sana, wenyewe huchekelea,
Nami nangoja maana, ije ipate elea.

Ningependa kuishia hapo, kwenye ubeti na mashua. Lakini andiko gumu si kitendawili cha barazani, cha kushindwa mtu akatoa mji. Wapo ambao maisha yao yamening'inia juu ya aya moja, na mmoja wao ni mdogo wangu wa kike.

Mwanawe wa pekee, mpwa wangu, alikuwa mvuvi. Miaka 11 iliyopita, msimu wa kaskazi, chombo alichopanda kilikutwa kimepinduka. Wenzake watatu walipatikana, mmoja akiwa hai. Yeye hakupatikana, si mwili wala nguo. Wenye uzoefu wa msiba wa nchi kavu hawaijui hali hiyo. Huchimbi kaburi, huwezi kuanua matanga kwa sababu hukuyatandika sawasawa, na kila mlango unaogongwa usiku unaamka nao.

Katika mwaka wa pili alitokea mtu ajiitaye nabii, mwenye hema na vipaza sauti. Sitamtaja, wala mahali alipokuwa akihubiria. Alimwambia mdogo wangu kwamba kijana yu hai ng'ambo, na akampa andiko: Habakuki, sura ya 2, pale nabii anapoambiwa kwamba maono yana wakati wake ulioamriwa, na hata yakikawia yangojewe, maana hayana budi kuja. Kungoja huko kulikuwa na sadaka yake, ya kila mwezi. Cherehani iliuzwa. Mkufu wa mama yetu uliuzwa.

Nilivuka na pantoni kwenda kwake Kigamboni. Alinikaribisha vizuri, akaniandalia chai, kisha akaweka Biblia mbele yangu imefunguliwa.

"Kaka, wewe ndiye mwalimu wa lugha," aliniambia. "Nisomee. Hapa pameandikwa nini?"

Nilimsomea sura ya kwanza kwanza, kwa sababu ndiko maneno yalikoanzia. Nilimweleza kwamba Habakuki anamlalamikia Mungu kuhusu dhuluma katika nchi yake. Kwamba anajibiwa kuwa Wakaldayo wanakuja. Kwamba jibu hilo linamtisha kuliko swali. Kwamba anapanda juu ya mnara wake kungoja, na anachoambiwa akingojee ni hukumu ya Mungu juu ya wanaodhulumu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Kwa hiyo mwanangu hayumo humu?"

Ndugu wasomaji, nimesahihisha mitihani ya taifa, nimeulizwa maswali na wakaguzi, sijapata kuulizwa swali zito kama hilo. Sarufi ilinipa nusu ya jibu: andiko halimtaji. Lakini je, naweza kusema kwamba neno lililowatia nguvu watu wa Yuda haliwezi kumtia nguvu mama wa Kigamboni? Nikisema hivyo, ninakuwa nabii wa pili, nabii wa kukana, ninayejua mipaka ya Mungu kama yule mwingine anavyojua ratiba yake.

Nilimwambia, "Mdogo wangu, andiko linakuambia ungoje. Halikuambii kwamba utakachokiona ni yeye. Aliyekuambia hivyo ni mtu."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sijui."

Alininyamazia muda mrefu. Baadaye nilisikia kwamba aliwaambia majirani, kaka yake amesoma sana lakini imani yake ndogo. Haikuniuma sana, maana nilijua ni wapi neno "sijui" limekaa katika Maandiko yenyewe. Danieli, mwishoni mwa kitabu chake, anasikia maono na anasema waziwazi kwamba hakuelewa. Anapouliza, anaambiwa aende zake, maneno yametiwa muhuri. Waraka wa kwanza wa Petro unasema manabii wenyewe walitafuta na kuchunguza maana na wakati wa yale waliyoyatabiri. Waraka wa pili unakiri kwamba katika nyaraka za Paulo mna mambo magumu kuelewa, ambayo wasio imara huyapotoa. Mtume anamwambia msomaji kwamba mtume mwenzake ni mgumu! Ningekuwa na mwanafunzi aliyeandika insha kwa unyofu huo, ningempa maksi zote.

Na yule mtunza hazina? Huyo ndiye ninayempenda kuliko wote. Ethiopia ya kisa kile ni Kushi, ufalme wa Meroe katika Sudani ya leo, na Kandake si jina la mtu bali cheo cha malkia wa huko. Huyu ni Mwafrika mwenye funguo za hazina, msomi, amesafiri safari ndefu kwenda kuabudu. Anaulizwa na mtu wa njiani, anayehema kwa kukimbia, kama anaelewa anachosoma. Angeweza kumfukuza. Anamwambia atawezaje pasipo mtu wa kumwongoza, na anamkaribisha apande. Swali lake la kwanza ni la mwanafunzi bora wa fasihi: nabii asema habari za nani, zake mwenyewe au za mtu mwingine? Nani anenaye katika shairi? Nusu ya makosa ya kusoma, ya mashairi na ya vitabu vitakatifu, hutokana na kuliruka swali hilo.

Nimefundisha tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, kwa vizazi vingi vya wanafunzi, na kila mara darasa hufikiri kwamba ni tamthilia ya vita. Ni ya vita, ndiyo. Mimi naiona kwanza kama tamthilia ya msomaji na andiko. Historia yenyewe inajulikana: mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyesemekana kuchukuliwa na mzimu Hongo hadi ndani ya kidimbwi na kurudi akiwa mkavu, alianza kugawa maji ya dawa, Julai 1905 Wamatumbi waliianza vita, mwezi uliofuata Wajerumani wakamnyonga huko Mohoro. Vita viliendelea bila yeye, na njaa ikafuata. Makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 na hufika 300,000.

Hussein aliwatahadharisha wasomaji kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni. Huyo wa kubuni amepewa mateso ambayo vitabu vya historia haviwezi kuyaandika. Alinena maneno akiwa amepagawa. Alipozinduka, watu ndio waliomwambia alichosema. Humo mlikuwa na habari kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, naye anajiuliza: ni ukombozi gani wa kumtoka bwana mmoja na kumwingia mwingine? Unabii umetoka kinywani mwake na yeye mwenyewe haujamwelea. Wenziwe hawana nafasi ya kungoja. Wao wamekwisha kuelewa. Mwishoni, akiwa kifungoni, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Wanafunzi wangu walikuwa wakigawanyika vikali hapo: wengine wakimwita mkaidi, wengine shujaa. Mimi nilikuwa nawaambia wayaangalie maneno yenyewe. Anakataa kusema ni uongo, lakini hasemi kwamba maji yalizuia risasi. Ameacha neno liwe kubwa kuliko uwezo wake wa kulifasiri, hali shingo yake iko kwenye kitanzi. Kwa mtu anayetafuta nafuu, hapakuwa na nafuu hapo.

Nilimweleza hayo rafiki yangu, mwalimu mstaafu mwenzangu aliyekuwa akifundisha dini ya Kiislamu, ambaye hukutana nami Feri kwa kahawa na kashata. Alinisikiliza, kisha akasema, "Nyinyi mmehangaika na kitenzi. Sisi tumehangaika na pumzi."

Akanieleza aya ya 7 ya Sura Aal Imran. Aya hiyo inasema kwamba ndani ya Kitabu mna aya zilizo wazi, muhkamat, nazo ndizo msingi, na nyingine zenye kufanana, mutashabihat. Kwamba wenye upotovu mioyoni hufuata hizo za pili kwa kutafuta fitina. Kisha inafika mahali pa kumtaja ajuaye tafsiri yake. Wanazuoni wengi husimama baada ya jina la Mwenyezi Mungu: Yeye peke yake ndiye ajuaye, na waliozama katika elimu wao husema wanaamini, yote yatoka kwa Mola wao. Wengine hawasimami, husoma moja kwa moja, ili waliozama katika elimu nao wawe miongoni mwa wanaojua. Herufi ni zile zile. Tofauti ni pumzi moja, msomaji anapoivuta.

"Na wewe unasimama wapi, Maalim?" nilimwuliza.

"Nasimama baada ya jina," alisema. "Lakini simcheki asiyesimama, maana wakubwa wamesoma hivyo pia."

Nilipofika nyumbani nilifikiri juu ya mashehe wetu waliofasiri Kurani kwa Kiswahili, kama Abdullah Saleh al-Farsy, ambaye tafsiri yake kamili ilitoka mwaka 1969. Anayesoma kwa Kiarabu anaweza kuziheshimu pumzi zote mbili. Mfasiri hana budi kuweka nukta mahali fulani. Nukta ya mfasiri ni mzigo. Wenzetu walioiandika Biblia kwa lugha yetu wameubeba vilevile, na wale wanaosoma miswada ya zamani iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu wanaujua mzigo huo kwa namna ya kuchekesha zaidi. Katika miswada hiyo sauti za p na b mara nyingi huandikwa kwa herufi moja. Basi baba na papa huwa neno moja, na msomaji asiyejua habari inayosimuliwa anaweza kumpeleka mzazi wa mtu mnadani Feri akauzwe kwa kilo. Anayeusoma vizuri Utendi wa Tambuka katika mswada wake wa mwaka 1728 ni yule ambaye tayari ana Kiswahili cha kale kifuani. Herufi humkumbusha, hazimfundishi mgeni.

Lugha yetu nayo ina kejeli yake katika maneno haya. Kutabiri limetoka katika Kiarabu, ambako mzizi wake ulihusu kufasiri ndoto. Sisi tumelisogeza mbele likawa kusema yajayo, kana kwamba kufasiri na kujua kesho ni kazi moja. Na kitabu kilichofunikwa kuliko vyote katika Biblia tumekiita Ufunuo.

Yaliyotokea Shakahola, kaunti ya Kilifi, nchini Kenya, wote tunayajua. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ya watu waliofunga chakula hadi kufa, wengi wao watoto. Kesi ni ya mahakama na mhubiri aliyeshitakiwa amekana. Hayo si yangu kuyahukumu. Kabla ya hapo palikuwa na Kanungu, Uganda, Machi 2000, baada ya siku ya mwisho iliyotangazwa kutotimia. Ninachokiona mimi kama mwalimu wa lugha ni kwamba maneno yale yale husomwa makanisani mwetu kila mwaka na hayaui mtu. Kinachoua ni sauti isiyoruhusu mwingine kuuliza nabii anasema habari za nani.

Naandika haya nikijua kwamba wapo miongoni mwenu watakaoona kwamba unyenyekevu wa namna hii ni woga uliovaa kanzu. Mtu asemaye "sijui" kila mara hana gharama. Nakubali kwamba ipo "sijui" ya uvivu, ya mtu asiyefungua kitabu. Ndiyo maana namtaja yule mzee wa Feri na wavu wake. Kungoja maji si kulala. Danieli aliuliza, manabii walichunguza, mtunza hazina alikuwa anasoma njiani juani kitabu asichokielewa. Nami nimeendelea kuvuka kwenda Kigamboni.

Mdogo wangu aliacha kwenda hemani mwaka wa tano. Hakuniambia sababu na sikumwuliza. Chumba cha kijana bado anakifagia. Mwezi uliopita alinipigia simu akasema amekimaliza kitabu cha Habakuki, chote, sura tatu, na kwamba mwisho wake hakuutarajia: mtini hauchanui, mizabibu haina matunda, zizini hamna ng'ombe, na nabii bado anaimba. Nilidhani ataniuliza maana yake. Nilivuta kiti nikae.

"Kaka," alisema, "mtini ni mti gani? Huku upo?"

Nilimwambia kwamba mtini wenyewe si wa pwani yetu, lakini ni wa ukoo mmoja na mkuyu.

"Ah," alisema. "Mkuyu naujua. Na mkuyu wenyewe, maua yake huyaoni."